Kupika Kinoa Mlimani: Mwongozo kwa Anayebeba Mzigo Wake Mwenyewe

Kila msimu wa ukame unapokaribia, Januari na Februari, na tena kuanzia Julai hadi Septemba, wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya huuliza maswali yale yale kuhusu kinoa, punje ndogo zenye asili ya Andes, Amerika Kusini, zinazopikwa kama nafaka: je, ni lazima ioshwe, huhitaji maji kiasi gani, kwa nini ilibaki ngumu kambini ilhali nyumbani huiva kwa robo saa, na mtungi mmoja wa gesi utatosha kwa siku ngapi. Karibu majibu yote yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni kwamba kazi kubwa ya kinoa hufanyika nyumbani, penye maji ya bomba na moto usiohesabiwa, ili kambini ibaki kazi ya kuloweka, kuchemsha kidogo na kufunika.

Mfano utakaotumika humu ni njia ya Sirimon ya Mlima Kenya, kwa kuwa inapita katika miinuko inayotofautiana sana kwa siku chache: lango liko karibu mita 2,650 juu ya usawa wa bahari, kambi ya Old Moses karibu mita 3,300, na kambi ya Shipton karibu mita 4,200. Anayetembea Aberdare au milima ya Usambara atapata kazi nyepesi zaidi, kwa sababu hafiki juu kiasi hicho. Kilimanjaro ni habari nyingine, kwani huko mgeni hulazimika kupanda na kampuni yenye kibali, na kwa kawaida chakula huwa mikononi mwa mpishi wa msafara. Hata hivyo, mpishi anayeombwa kinoa na mgeni asiyekula nyama atayaona maelezo haya yanamfaa.

Kwa nini ubebe kinoa wakati mchele upo? Gramu 100 za kinoa kavu zina kalori zinazokaribia 370, sawa na mchele mweupe, lakini protini yake ni kama gramu 14, yaani takriban mara mbili ya ile ya mchele. Punje zake ni ndogo, zinakaribiana na ulezi, hivyo maji ya moto hupenya hadi ndani kwa muda mfupi. Makande na maharagwe makavu yaache nyumbani kabisa, maana utamaliza gesi kabla hayajalainika.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza

Maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Kwa kila mita 300 unazopanda, joto la kuchemkia hupungua kwa takriban nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Mombasa huchemka kwa nyuzi 89 hivi Old Moses na nyuzi 86 hivi Shipton. Ukiongeza moto, yatachemka kwa fujo na kuisha haraka, lakini hayatazidi joto hilo. Kinoa yenyewe haina tatizo na mwinuko. Wakulima wa Bolivia na Peru wanaoishi kandokando ya Ziwa Titicaca, mita 3,800 na zaidi, wameipika huko kwa vizazi vingi. Kinachohitajika ni muda, na muda juu ya jiko dogo ni gesi. Ndiyo maana hatua nyingi zilizo hapa chini zinatafuta muda huo mahali pengine.

Vitu vinavyohitajika

Tayarisha vitu hivi siku tatu au nne kabla ya safari, kwa sababu kukausha hakuharakishwi.

- Kinoa kavu, gramu 90 kwa mtu mmoja kwa mlo wa jioni. Kikombe cha mililita 240 hubeba takriban gramu 170, kwa hiyo nusu kikombe kinamtosha mtu mmoja. Kwa kambi za juu kabisa pima gramu 70 tu, kwa kuwa hamu ya kula hupungua na chakula kinachobaki ni mzigo.
- Chujio lenye matundu madogo sana. Kama huna, kipande cha kanga safi kilichotandazwa juu ya bakuli kinafaa. Chujio la kawaida la pasta litazipitisha punje zote.
- Ungo au sinia pana ya kuchambulia na kuanikia.
- Sufuria nyepesi ya lita moja na nusu yenye mfuniko unaobana vizuri, kwa watu wawili. Mfuniko usisahauliwe kwa hali yoyote.
- Jiko la gesi la kusokota juu ya mtungi, pamoja na mtungi wenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Mitungi hii hairuhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo anayetoka mbali aipange kununua Nairobi kabla ya kuelekea Nanyuki.
- Kitu cha kuhifadhi joto: shuka zito, sweta la sufu au jaketi nene ambalo halijavaliwa wakati huo.
- Vyombo vya kufungashia visivyo mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za Kenya. Vifuko vya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, au makopo mepesi yenye vifuniko vya kusokota, hufanya kazi hiyo vizuri.
- Chumvi, bizari, pilipili manga, vitunguu na nyanya zilizokaushwa, nazi ya unga, karanga zilizosagwa, na dagaa waliokaangwa wakakauka kwa anayekula samaki.

Kazi ya nyumbani

1. Chambua na upete. Tandaza kinoa kwenye ungo, ondoa vijiwe na mabua, kisha ipete taratibu. Kinoa ya pakiti za maduka makubwa huwa safi kwa kiasi kikubwa, lakini ile inayopimwa kwa kilo inahitaji macho, na jino linalokutana na changarawe siku ya pili ya safari halina daktari wa karibu.

2. Osha hata kama pakiti inasema imeoshwa. Punje za kinoa hufunikwa na saponini, dutu chungu inayotoa povu kama sabuni, ambayo mmea huitumia kujikinga na ndege na wadudu. Mimina maji, sugua punje kati ya viganja kwa nusu dakika, umwage, urudie. Mara ya kwanza maji yatakuwa na rangi ya maziwa na povu litasimama juu. Endelea mpaka ukisugua povu lisitokee tena, na kwa kawaida maji ya nne au ya tano huwa safi. Onja punje moja mbichi: ukali ukibaki ulimini, osha tena.

   Kazi hii haifai kuahirishwa hadi kambini. Mlimani maji ni ya barafu na vidole hufa ganzi, na zaidi ya hapo saponini huwadhuru samaki, ilhali vijito vya Mlima Kenya vina trauti.

3. Ianike mara moja. Itandaze nyembamba kwenye kitambaa juani na uigeuzegeuze. Usiiache ikiwa mbichi kwenye bakuli usiku kucha ukidhani unaiandaa, kwa sababu kinoa huanza kuchipua baada ya saa chache tu za unyevu, na punje iliyochipua huharibika upesi ndani ya mfuko.

4. Ikaange kavu. Weka kikaango kipana kwenye moto wa wastani bila mafuta, mimina kinoa iliyokauka juani, ukoroge bila kuacha. Baada ya dakika chache utasikia punje zikidatadata, baadhi zitaruka, na harufu itageuka kuwa kama ya karanga zinazokaangwa. Hapo rangi huwa imeanza kuelekea kahawia hafifu. Ondoa motoni papo hapo na uimimine kwenye sinia baridi, kwa sababu kikaango kitaendelea kuichoma hata moto ukizimwa. Hatua hii huondoa unyevu wa mwisho na kuipa kinoa ladha ambayo viungo peke yake haviwezi kuileta.

5. Pika na ukaushe sehemu itakayoliwa juu ya mita 3,500. Kwa kambi ya Shipton sishauri kubeba kinoa mbichi kabisa. Chukua kiasi cha milo ya huko, ipike jikoni kwako kwa vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha kinoa hadi iive na maji yakauke, kisha itandaze kwenye sinia ya oveni kwa unene usiozidi punje mbili tatu. Ikaushe kwa nyuzi 60 hivi, mlango wa oveni ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke, kwa muda wa saa sita hadi nane, ukiivunjavunja mabonge kila baada ya muda. Imekauka pale punje zinapokuwa ngumu na kutoa sauti ya mchanga zikimiminwa sahanini. Anayeishi Pwani asitegemee jua peke yake, kwani hewa ya huko ina unyevu na chakula kilichopikwa kinaweza kuchacha kabla hakijakauka.

6. Pima na ufungashe mlo kwa mlo. Subiri kinoa ipoe kabisa kwanza. Ikifungwa ikiwa vuguvugu, mvuke utageuka maji na ukungu utaota. Weka kila mlo katika kifuko chake na viungo vyake vikavu, kisha andika kwenye kipande cha karatasi kiasi cha maji kinachohitajika na neno “mbichi” au “imepikwa”. Hutakuwa na nguvu ya kufanya hesabu jioni baada ya saa saba za kutembea.

Kazi ya kambini: kinoa mbichi

Hatua hizi zinafaa Old Moses na kambi zote za chini yake.

7. Loweka kabla ya kufungua mzigo mwingine. Mara tu ufikapo, mimina kinoa kwenye sufuria na kuongeza maji mara mbili ya ujazo wake, uifunike, kisha ndipo usimamishe hema. Nusu saa inatosha, saa moja ni bora zaidi. Kwa kuwa umeshaiosha nyumbani, maji hayo ya kulowekea ndiyo ya kupikia na hayamwagwi.

8. Weka jiko mahali tulivu. Tafuta ardhi tupu iliyo sawa, nyuma ya jiwe kubwa au ukuta, mbali na nyasi kavu. Kuchemsha lita moja ya maji pasipo upepo hula gesi ipatayo gramu 15, na upepo unaweza kuongeza kiasi hicho maradufu. Kinga ya upepo iwekwe upande mmoja tu. Ukiuzungushia mtungi kila upande, joto litarudi kwenye gesi na mtungi unaweza kulipuka.

   Usipikie ndani ya hema hata mvua ikinyesha. Hema huwaka kwa sekunde chache, na jiko linalokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Moto mlimani si jambo la mzaha: Kilimanjaro iliungua Oktoba 2020 kuanzia eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, ilieleza wakati huo kwamba taarifa za awali zilionyesha chanzo ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

9. Chemsha kwa moto mkubwa, kisha upunguze mara moja. Acha mfuniko ukiwa juu. Maji yakianza kuchemka, shusha moto hadi uone mapovu madogo tu pembeni, na upike hivyo kwa dakika 8 hadi 10. Koroga mara moja tu katikati, ukifika hadi chini, kwa sababu majiko haya hutoa mwale mwembamba unaochoma kitovu cha sufuria huku pembeni pakiwa baridi.

10. Zima na uiivishe kwa joto lililomo. Nyumbani wali hupaliwa makaa juu ya mfuniko. Hapa hakuna makaa, hivyo joto lililomo ndilo la kulindwa. Ondoa sufuria kwenye jiko, iweke juu ya godoro la kulalia au gunia lililokunjwa, ukiacha ipungue ukali kwa dakika moja ili isiyeyushe kitambaa, kisha izungushie shuka au sweta pande zote, juu na chini. Iache dakika 20 bila kufunua, na ikiwa uko juu ya mita 3,000, dakika 30. Kila unapochungulia unapoteza joto ambalo hutalirudisha bila gesi.

11. Tazama na uonje. Punje iliyoiva huonekana kupitisha mwanga, na uzi mweupe uliokuwa umeizunguka huachia na kujikunja pembeni. Ikiwa katikati ya punje bado pana nukta nyeupe kavu, funika tena dakika kumi.

12. Unga. Ongeza chumvi, mafuta na viungo mwishoni. Ninaoupenda zaidi ni mchanganyiko wa vijiko viwili vya nazi ya unga, bizari kidogo, nyanya kavu na konzi ya dagaa waliopondwapondwa. Vitu vikavu vinavyohitaji maji, kama nyanya na vitunguu, vitangulie kwenye sufuria tangu hatua ya kuloweka. Karanga zilizosagwa zisipikwe pamoja na kinoa hata kidogo, kwani hushika chini papo hapo. Zikorogwe baada ya sufuria kufunuliwa.

Kazi ya kambini: kinoa iliyopikwa ikakaushwa

13. Chemsha maji yaliyo sawa na ujazo wa kinoa, uongeze robo kikombe kwa kila mtu. Maji yakichemka, mimina kinoa na viungo, koroga, acha ichemke tena kwa dakika moja, zima, izungushie shuka kwa dakika 15. Hakuna zaidi ya hapo. Shipton, jua likishatua na vidole vikikataa kufunga zipu, utaona faida ya zile saa za oveni.

Kwa asubuhi ya kwenda kilele cha Point Lenana, ambayo huanza kabla ya mapambazuko, kinoa hiyo hiyo iliyokaushwa huchanganywa na maziwa ya unga, mdalasini na tende zilizokatwakatwa, ikaliwa laini kama uji. Wengine huisaga kinoa iliyokaangwa kavu kuwa unga na kuikoroga katika maji ya moto, kama wafanyavyo watu wa nyanda za juu za Andes, na kwa tumbo lililovurugwa na mwinuko hiyo huenda ikawa njia rahisi kuliko zote.

Mambo yakienda kombo

*Kinoa ni chungu.* Haikuoshwa vya kutosha. Chumvi haitaficha uchungu huo, ila nazi na karanga huupunguza kiasi. Kama ni chungu sana na bado hujaichemsha kwa muda mrefu, mwaga maji ya kwanza mbali na kijito, uweke mengine.

*Imebaki ngumu katikati.* Usikimbilie kuongeza moto. Angalia kwanza kama maji yamekwisha. Ikiwa yamekwisha, ongeza robo kikombe cha maji ya moto, rudisha sufuria jikoni hadi mvuke utoke chini ya mfuniko, kisha izungushie tena. Wengi hutia maji baridi hapa, joto lote lililokusanywa likapotea, na kinoa ikakaa nusu saa nyingine bila mabadiliko. Ikiwa tatizo linajirudia kila jioni, mfuniko wako haubani: weka jiwe safi juu yake.

*Imekuwa bokoboko.* Maji yalizidi, au kinoa iliyokwisha kupikwa ilipikwa kana kwamba ni mbichi, jambo linalowapata wasioandika kwenye vifuko. Iongezee maji zaidi na viungo, uinywe kama supu.

*Imeshika chini.* Usikwangue. Pakua sehemu ya juu, tia maji kidogo kwenye ukoko, funika, na utakapomaliza kula utakuwa umeachia wenyewe.

*Jiko linafifia asubuhi ingawa mtungi una gesi.* Gesi imepoa. Lala na mtungi ndani ya mfuko wa kulalia, au uushike chini ya jaketi kwa dakika kumi kabla ya kupika. Usiupashe kwa moto wala kuusimamisha ndani ya maji yanayochemka. Makopo marefu ya butani tupu yanayouzwa kwa majiko ya mezani hulegea zaidi baridi inapokaribia nyuzi sifuri, na vali yake haisokotwi kwenye jiko la safari, kwa hiyo jaribu kila kitu nyumbani kabla ya kuondoka.

*Kumebaki kiporo.* Kinoa iliyopikwa haihifadhiwi kwa kutegemea baridi ya mlimani, kwa kuwa sufuria uliyoizungushia shuka hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hali hiyo ndiyo vijidudu vya nafaka iliyopikwa huipenda. Kama unataka kuila asubuhi, ifunue mara tu mnapomaliza, itandaze ipoe haraka, ifunike panya wasiifikie, na uichemshe upya hadi itoe mvuke mwingi. Kwenye mabonde yenye joto, kiporo kilichokaa zaidi ya saa mbili kisiliwe. Usikifukie wala kukitupa vichakani, maana panya na pelele wa kambini wamekwisha kuzoea kufuata mabaki. Kirudishe kwenye kopo lake, kiteremke nawe hadi langoni.